Sabufa, saundibaa au amplifaya ya chaneli tano: pesa ya kahawa iende wapi?

Msimu wa kahawa ukishapamba moto na malipo ya chama cha msingi yakianza kuingia, maduka ya vifaa vya umeme Bukoba mjini hupata wateja wengi wa vijijini. Kutoka Maruku hadi mjini ni kilomita ishirini hivi. Mtu anashuka asubuhi, anazunguka maduka manne matano, na jioni anarudi na boksi kubwa limefungwa nyuma ya bodaboda. Mara nyingi ndani ya boksi hilo kuna muziki wa sebuleni. TV bapa ilishanunuliwa, king'amuzi kipo, ila sauti ndiyo inayokera. TV hizi ni nyembamba mno kubeba spika ya maana. Zina vispika viwili vinavyotazama chini au ukutani, na mtangazaji wa mpira anasikika kama anaongelea ndani ya debe.

Dukani utaoneshwa vitu vya aina tatu. Kuna sabufa, yaani boksi la besi lenye amplifaya ndani pamoja na vispika viwili, vitatu au vinne vya pembeni: Sea Piano, Aborder, Sundar na ndugu zao. Kuna saundibaa, ule mti mrefu unaolala chini ya TV, wenye boksi lake la besi au usio nalo. Na kuna amplifaya ya sinema ya nyumbani, ambayo wauzaji wengine huiita risiva, ingawa haihusiani na ile ya dishi: Denon, Yamaha, Sony, Onkyo. Hii ya tatu ndiyo inayotajwa kwa heshima na ndiyo inayobeba bei kubwa. Muuzaji atakwambia ndiyo muziki wenyewe, hizo nyingine ni za kuanzia maisha.

Mimi naona swali la kwanza si chombo. Ni hili: sauti unayoicheza nyumbani kwako imetengenezwa kwa chaneli ngapi?

Filamu ya Hollywood, inapotoka studio, huwa na sauti iliyogawanywa. Mfumo wa kawaida ni ule wa chaneli tano na moja ya besi: spika ya kati kwa maneno ya waigizaji, mbili za mbele kwa muziki na matukio, mbili za nyuma kwa mazingira, na boksi la besi kwa mabomu na ngurumo. Dolby Digital iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Mwaka 2012 ikaja Dolby Atmos na filamu ya Brave, ikaongeza sauti za kutoka juu ya kichwa. Amplifaya ya sinema ya nyumbani imeundwa kwa kazi hiyo: kupokea sauti iliyogawanywa, kuifungua, na kuipeleka kila sehemu kwenye spika yake. Isipopokea sauti iliyogawanywa, haina cha kugawa. Inakisia tu.

Sasa tuangalie kinachochezwa Maruku. Sehemu kubwa ya muvi ni za kutafsiriwa, zinazonunuliwa kibandani na kurushwa kwenye flashi. Kazi ya kuzitafsiri ilipewa jina na Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kote Tanzania kama Lufufu, na wengi wamefuata nyayo zake. Ukanda huu wa Bukoba unazipata pia zile za maVJ, yaani wafasiri, wa Uganda. Katika muvi ya namna hii sauti ya mfasiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, na vyote vikakandamizwa kwenye chaneli mbili, mara nyingine moja. Spika za nyuma hazina la kusema. Ukiwasha hila za amplifaya za kutandaza sauti chumba kizima, mfasiri naye anatandazwa, na anayesema maneno muhimu kuliko wote anaanza kusikika kutoka pembe nne za sebule.

Mpira wa Simba na Yanga unaokuja kwa king'amuzi cha Azam, taarifa ya habari, tamthilia ya jioni, yote haya chaneli mbili zinayatosha kabisa. YouTube vivyo hivyo. Nyimbo za kwenye flashi na memori kadi ni chaneli mbili tangu zinarekodiwa. Wanaopata chaneli tano za kweli ni wachache: mwenye DStv anayetazama chaneli za filamu za HD, mwenye diski halisi za DVD au Blu-ray, na mwenye Netflix kwenye intaneti inayotosha. Na Netflix yenyewe inasema picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Muvi mbili Jumamosi usiku, piga hesabu ya bando.

Kwa hiyo familia inayoishi kwa flashi na Azam ikinunua amplifaya ya chaneli tano, imelipia chaneli tatu zitakazokaa kimya. Hilo wauzaji hawalisemi.

Kuna jambo dogo la flashi ambalo amplifaya ingeweza kusaidia. Baadhi ya muvi zinakuja na sauti ya DTS, na TV nyingi zinakataa: picha inakwenda, sauti hakuna, maandishi yanatokea kwamba aina hiyo ya sauti haikubaliki. Amplifaya inaijua DTS, ila ni lazima TV iipitishe, na TV iliyoikataa mara nyingi haiipitishi pia. Dawa ya bei nafuu ni kumrudia mwenye kibanda na flashi yako akupe nakala nyingine.

Tuje kwenye wati, maana hapo ndipo pesa ya watu inapopotea. Boksi la sabufa limeandikwa kwa herufi kubwa wati 10,000, chini kwa herufi ndogo PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni yoyote inayofuatwa na watengenezaji; kila mmoja anaandika namba anayoipenda. Kinachopimika ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kukoroma. Usibishane na muuzaji. Geuza sabufa, angalia kibandiko cha nyuma penye waya wa umeme. Utakuta kimeandikwa volti 220 hadi 240, halafu wati 45, au 60, au 80. Chombo kinachovuta wati 60 kwenye soketi hakiwezi kutoa wati 10,000 kwenye spika, wala 100. Sehemu nyingine ya hizo 60 inapotea kama joto kabla haijafika popote.

Fundi akiwa amefungua sabufa ya bei ndogo, mwombe akuoneshe kile kipande cheusi chenye miguu mitano kilichofungwa kwa skrubu kwenye bati la aluminiamu la kupunguza joto. Mara nyingi juu yake pameandikwa TDA2030. Kipande hicho kinatoa wati 14 hivi kikiwa na afya njema. Vikiwa vitatu, kimoja cha besi na viwili vya pembeni, jumla ni kama wati 42. Sabufa kubwa zaidi zina vipande vyenye nguvu zaidi, lakini hesabu ni ile ile: angalia kinachovutwa ukutani.

Wakubwa nao wana ujanja wao, ila wa kistaarabu. Sony STR-DH590, amplifaya ya chaneli tano iliyotoka mwaka 2018, inatangazwa kwa wati 145 kila chaneli. Ukisoma maandishi madogo, hiyo ni kwa mlio wa aina moja. Kwa chaneli mbili zikicheza sauti zote kuanzia nzito hadi nyembamba, kitabu chake kinasema 90. Yamaha RX-V385 ya mwaka huo huo inaandika 70 kwa chaneli, na Denon AVR-S540BT 70 pia, zote kwa kipimo cha chaneli mbili. Chaneli zote tano zikidai nguvu kwa wakati mmoja, kila moja inapata pungufu ya hapo.

Je, wati 70 zinatosha? Kwa sebule ya nyumba ya kijijini zinabaki. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, nguvu inahitaji kuongezeka karibu mara kumi. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo mgeni aliyekaa kwenye kochi huenda asiigundue. Kinachofanya kazi kubwa zaidi ni spika. Spika yenye usikivu wa desibeli 90 inahitaji robo ya nguvu inayohitajiwa na yenye 84 ili zisikike sawa. Wati 70 kwenye spika mbovu ni wati 18 kwenye spika nzuri. Namba ya usikivu imeandikwa nyuma ya spika au kwenye karatasi yake, na sijaona muuzaji anayeitaja kabla ya kuulizwa.

Bei sasa. Sabufa yenye spika mbili au tatu huanzia karibu laki moja, na zenye mbwembwe za taa na maikrofoni hufika laki tatu na nusu. Saundibaa za Hisense zimeshika soko: HS214, ambayo besi yake iko ndani ya mti wenyewe, na HS218, yenye boksi la besi lisilo na waya kwenda kwenye mti na jumla ya wati 200. Hizi zinacheza kati ya laki mbili na nusu na laki nne na nusu, kutegemea duka na msimu. Kuna pia seti zilizokamilika za chaneli tano kama Sony DAV-TZ140, ya DVD, na HT-S20R, ambayo ni saundibaa yenye spika mbili za nyuma za waya na boksi la besi. Hizo zimezidi bei ya saundibaa ya kawaida kwa mbali, ila kila kitu kimo ndani ya boksi moja.

Amplifaya yenyewe je? Hizo tatu nilizozitaja, Sony, Yamaha na Denon, zilitoka zikiuzwa Marekani kwa bei isiyozidi dola 300. Tuchukue dola 280, na dola moja kwa shilingi 2,500: tayari ni 700,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, unafika 826,000, na hapo hujahesabu ushuru wa forodha, usafiri hadi Bukoba wala faida ya mwenye duka. Na katika boksi hilo hakuna spika hata moja. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka. Spika tano na boksi la besi, za daraja la chini lakini za kweli, zinaweza kula fedha kama za amplifaya yenyewe. Waya wa spika za nyuma, ukizunguka kuta bila kukatiza mlangoni, ni mita kumi kila upande. Kwa makadirio yangu, aliyeanza na nia ya kutumia laki nane atamaliza akiwa amepita milioni moja na nusu kabla hajasikia mlio wowote.

Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kuchomeka vispika vya sabufa ya zamani, au spika za gari. Spika za gari nyingi ni za omu 4, na amplifaya hizi zimeandikiwa omu 6 au 8 nyuma yake. Itacheza, itapata moto, siku ya sherehe itazima. Ikizima mara ya tatu haiwaki tena.

Njia ya katikati ambayo haitajwi sana ni amplifaya ya chaneli mbili. Sony STR-DH190 ilitoka 2018 kwa dola 150 hivi, wati 100 kwa kila upande, ina Bluetooth na redio ya FM. Yamaha R-S202 ni ya daraja hilo hilo, nayo ina wati 100 kwa kila upande, Bluetooth na FM. Ukiiunganisha na spika mbili za maana umepata chombo cha muziki ambacho sabufa haikisogelei. Upungufu wake ni mmoja: haina tundu la HDMI. Sauti ya TV itabidi itoke kwenye tundu la hedifoni au matundu mekundu na meupe, na TV yako ikiwa haina hata hayo, utanunua kisanduku kidogo cha kubadilisha sauti ya waya wa mwanga. Angalia nyuma ya TV kabla ya kupanda gari kwenda mjini. Piga picha kwa simu, umuoneshe muuzaji. Kwa saundibaa, tafuta tundu la HDMI lenye neno ARC. Ukilipata, waya mmoja unatosha na rimoti moja inaendesha sauti.

Muziki wenyewe una madai yake. Anayesikiliza enanga, ala ya nyuzi ya Kihaya, au sauti ya Saida Karoli ikipanda juu ya ngoma, anahitaji sauti ya katikati iliyo safi: maneno, nyuzi, pumzi ya mwimbaji. Sabufa nyingi zimetengenezwa kwa besi ya chini na mlio mwembamba wa juu, na katikati kuna shimo. Bongo Fleva ya klabu inalivumilia shimo hilo. Kwaya ya sauti nne hailivumilii. Wa besi wanajaa chumba na wa alto hawapo. Ukienda kununua, beba flashi yako. Weka wimbo mmoja wa kwaya unaoujua kwa moyo, rumba moja yenye magitaa mawili, na dakika chache za mtu anayeongea, hata kipande cha Kasibante FM ulichorekodi. Mwambie muuzaji azime taa za rangi na apunguze besi hadi katikati. Kama neno la msemaji halisikiki bila kuongeza sauti, rudisha.

"Mama, hii ikipigwa nyumba inatikisika," kijana wa dukani atasema. Mjibu kwamba nyumba hutaki itikisike, unataka umsikie padri wa kwenye redio.

Mtumba unahitaji tahadhari ya peke yake. Vyombo vya zamani vinavyoletwa kutoka Ulaya, vya Technics, Kenwood au Pioneer, vina spika kubwa za mbao na amplifaya nzito, na vikiwa vizima vinazishinda sabufa mpya za bei ileile. Vilivyotoka Uingereza vinatumia volti 230 kama za kwetu. Vya Japani vinatumia volti 100 na vya Marekani 120. Chomeka cha Japani kwenye soketi ya TANESCO bila transfoma ya kushusha, na moshi utakujibu ndani ya sekunde. Transfoma ni pesa nyingine na inakula umeme. Halafu kuna jambo ambalo hata wauzaji wengine hawalijui: redio ya FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia megahezi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Chombo kizuri kimewaka, kinapendeza, na stesheni karibu zote za Bukoba hazimo.

Kabla ya kuongeza pesa kwenye chombo, tazama chumba. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kati ya Machi na Mei haina mzaha. Mvua hiyo ikiangukia bati tupu, hakuna amplifaya ya sebuleni itakayoishinda. Utapandisha sauti hadi mwisho, spika zitakoroma, na bado hutasikia nani kamuua nani. Dari ya mbao au jipsamu inafanya kazi ambayo wati 500 haziwezi. Sakafu ya saruji na kuta zisizo na kitu nazo zinarudisha mwangwi. Zulia, pazia zito na makochi ya vitambaa vinameza mwangwi huo, na havitumii LUKU.

Na spika za nyuma zitakaa wapi? Kanuni ya Dolby ni kuziweka pembeni na nyuma kidogo ya msikilizaji, nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele yake. Sebule nyingi za kwetu zimepangwa makochi yakiwa yameegemea kuta zote tatu, ili mgeni apate pa kukaa. Nyuma ya kochi hakuna nafasi; spika itakuwa sikioni mwa shangazi aliyekaa pembeni, na yeye ndiye atakayesikia helikopta peke yake usiku mzima.

Umeme hautishi kama watu wanavyodhani. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2016, mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na mteja wa kawaida 292. Ukiweka kodi na tozo inakuwa 122 na 356 hivi. Sabufa au saundibaa inayovuta wati 50, ikichezwa kwa saa nne kila siku, inakula uniti 6 kwa mwezi: shilingi 732 kwa mteja mdogo, 2,136 kwa wa kawaida. Amplifaya ya chaneli tano ikivuta wati 100 inakula uniti 12: 1,464 au 4,272. Anayepaswa kuhofia ni mteja mdogo aliye karibu na mstari wa 75, kwa sababu uniti ya 76 ina bei ya 350 kabla ya kodi. Wa sola wao hawana mjadala: amplifaya hizi zinataka inveta, wakati sabufa nyingi zina matundu ya volti 12 nyuma, unachomeka betri moja kwa moja.

Kinachotisha ni kukatika na radi. Kagera kwa miaka mingi imetegemea umeme wa Uganda kupitia laini ya Masaka na kituo cha Kyaka. Sasa kuna na mgawo wetu wa megawati 80 za Rusumo tunazogawana na Rwanda na Burundi. Ukirudi baada ya kukatika, umeme huja kwa kishindo. Kinga ya TV inayochelewesha umeme kabla ya kuuruhusu ni sehemu ya bei ya chombo, si nyongeza. Radi ni jambo jingine, kinga hiyo haiiwezi. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi ukutani, halafu chomoa na waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi. Huu wa pili watu huusahau, na ndio unaoileta radi kupitia HDMI mpaka kwenye amplifaya.

Chombo kikishapigwa na radi, tofauti inaonekana kwa fundi. Kile kipande cha miguu mitano cha sabufa ni cha bei ya soda chache na kinabadilishwa siku hiyo hiyo. Ubao wa HDMI wa amplifaya ya sinema ni kitu kingine: vipande vyake ni vidogo kama punje za mtama, na ubao mzima lazima uagizwe nje kama bado unatengenezwa. Nimeona amplifaya za thamani zikitumika kama meza za kuwekea king'amuzi.

Kuhusu mahali pa kununua, wengine hukimbilia Kampala kupitia Mutukula, kilomita 80 hivi kutoka Bukoba. Bei inaweza kuwa nzuri, lakini nafuu ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sabufa ya China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kulala usiku mmoja Kampala, na mpakani utalipia. Dhamana ya duka la Kampala nayo utaidai kwa nauli ya kwenda na kurudi. Kariakoo ina bei za chini kuliko zote, ila ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na basi halichagui boksi la kuweka juu. Bukoba mjini utalipa zaidi kidogo, utajaribu kwa flashi yako, na ukipata matatizo unajua pa kurudi. Dai risiti ya EFD. Bila hiyo hata Tume ya Ushindani haina pa kukushikia mkono.

Hukumu yangu, basi. Mwenye laki mbili anunue sabufa ya spika mbili yenye besi inayopunguzika na kinga ya umeme, aachane na zile za spika nne. Anayetazama sana kuliko kusikiliza, mwenye laki nne na nusu, achukue saundibaa yenye ARC na boksi la besi. Maneno ya mfasiri na mtangazaji yatamfikia bila kupigana na besi. Mpenda muziki mwenye karibu milioni moja anunue amplifaya ya chaneli mbili na spika mbili, atumie nusu ya fedha kwenye spika. Amplifaya ya chaneli tano imfae yule mwenye dari, sebule ambayo makochi hayagusi ukuta wa nyuma, na DStv au diski halisi za kutosha. Wa namna hiyo Maruku wapo, lakini hawazidi wenye mabati tupu. Na kwa mwenye bati tupu, ununuzi wa kwanza ni dari.